Kaburi la Panga ya Saidi: udongo ulivyothibitisha maziko ya miaka 78,000 iliyopita

Mwaka 2013, wanaakiolojia waliokuwa wakichimba katika pango la Panga ya Saidi, kaunti ya Kilifi, walikuta vipande vya mifupa vilivyooza mno, vyepesi kuvunjika kiasi kwamba havikuweza kuchunguzwa palepale. Hakuna aliyeweza kusema ni vya kiumbe gani. Ilipita miaka minne ndipo shimo lenyewe likafunuliwa lote, mwaka 2017, kiasi cha mita tatu chini ya sakafu ya sasa ya pango: shimo dogo la mviringo, la kina kifupi, na ndani yake mifupa iliyosongamana. Leo tunajua kuwa aliyelala humo alikuwa mtoto wa kati ya miaka miwili na nusu na mitatu, aliyezikwa takriban miaka 78,000 iliyopita. Ndilo kaburi la kale zaidi la binadamu linalojulikana barani Afrika. Watafiti walimpa jina Mtoto.

Habari hizo zilipochapishwa katika jarida la Nature mwezi Mei 2021, magazeti mengi yalishikilia ile namba ya miaka. Namba ni kubwa kweli, lakini kwangu uzito wa kisa hiki uko kwingine. Kusema mfupa fulani ni wa kale ni jambo moja. Kusema kuwa mtu fulani alizikwa ni dai la namna nyingine kabisa, kwa maana unadai kwamba walio hai walikusanyika, wakaamua, wakachimba, wakamlaza maiti na kumfukia. Unadai kujua nia ya watu ambao hawakuacha maandishi, wala jiwe la kaburi, wala ukoo unaokumbuka jina la marehemu. Dai kama hilo linathibitishwaje? Hapo ndipo Panga ya Saidi inapofundisha kuliko makaburi mengi yaliyo maarufu zaidi.

Uamuzi wa kwanza uliookoa ushahidi ulikuwa wa kutoitoa mifupa. Timu ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya na wenzao wa kigeni waliimarisha mifupa pamoja na udongo wake, wakalivika bonge zima plasta, wakalinyanyua kama lilivyo. Lilipelekwa kwanza Nairobi, kisha katika maabara za kituo cha utafiti wa mageuzi ya binadamu kilichoko Burgos, Hispania, kilichokuwa kikiongozwa wakati huo na María Martinón-Torres. Maabarani udongo ulianza kuondolewa kidogo kidogo, na meno mawili yakajitokeza. Meno hayo ndiyo yaliyowafanya washuku kwa mara ya kwanza kwamba wana binadamu mikononi. Walipoingia zaidi, na kulipiga bonge picha za eksirei zinazoonyesha kilichomo ndani tabaka kwa tabaka bila kulivunja, walikuta fuvu, taya lenye meno ambayo hayajachomoza, uti wa mgongo ambao pingili zake zimefuatana, na mbavu ambazo bado zimepinda kama zilivyopinda mtoto alipokuwa hai.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu makosa mengi ya zamani yalifanyika hapo. Mfupa ukishang'olewa na kusafishwa, unabaki na habari zake wenyewe: umri, maradhi, labda chakula. Habari za maziko haziko ndani ya mfupa. Ziko katika uhusiano kati ya mfupa na mfupa, na kati ya mfupa na udongo, na uhusiano huo ukivunjwa hakuna maabara inayoweza kuurudisha.

Sasa tulikabili dai lenyewe. Mifupa ya mtoto ikikutwa pangoni, kuna njia nyingi za kuieleza kabla ya kutaja kaburi. Huenda fisi au chui alimburuta humo. Huenda maji yalimsukuma mpaka kwenye kishimo cha asili. Huenda alifia usingizini akiwa amejikunja, udongo wa pangoni ukamfunika polepole. Huenda paa liliporomoka. Hata kama watu walimweka humo wenyewe, huenda walimwacha kwenye mwanya tu wakaenda zao. Hilo nalo ni tendo la kumjali maiti, lakini halijawa maziko. Huko Atapuerca, karibu na Burgos hiyohiyo, kuna shimo refu la asili pangoni lililokutwa na mabaki ya watu wasiopungua 28 walioishi kiasi cha miaka 430,000 iliyopita, na mjadala kuhusu namna walivyofika humo ungali hai. Mtu anayedai kaburi ana wajibu wa kuziondoa njia hizi zote, moja baada ya nyingine.

Hatua ya kwanza ni shimo. Je, lilichimbwa? Udongo wa pangoni hujengeka kwa matabaka kwa maelfu ya miaka. Anayechimba huyakata matabaka hayo, na anapofukia hurudisha udongo uliochanganyika, ambao hautalala tena kama ulivyokuwa. Watafiti walipima udongo wa ndani ya shimo na ule wa tabaka lililolizunguka kwa njia tatu: ukubwa wa chembe zake, kemia yake, na mpangilio wake unapokatwa vipande vyembamba na kuwekwa chini ya darubini. Njia zote tatu zilitoa jibu moja, kwamba shimo lilichimbwa kwa makusudi. Hiyo peke yake inaondoa mwanya wa asili, na inaondoa usingizi uliogeuka kifo. Mtoto wa chini ya miaka mitatu hajichimbii shimo.

Hatua ya pili ni mwili, na hapa nataka tukae kidogo, maana ndipo akili ya utafiti huu ilipo.

Maiti anapooza, viungo vyake haviachani kwa wakati mmoja. Vya vidole, vya kifundo cha mkono na vya shingo vina kano dhaifu, navyo hutengana mapema. Kiuno, nyonga na goti hushikilia muda mrefu. Anthropolojia ya Kifaransa, hasa kupitia kazi ya Henri Duday, imeujenga utaratibu huu kuwa taaluma kamili: kwa kutazama ni mfupa gani umesogea, umesogea kuelekea wapi, na upi umebaki mahali pake, unaweza kujua mazingira ambamo mwili uliozea. Maiti aliyewekwa mahali penye nafasi tupu, tuseme ndani ya jeneza au kwenye pango dogo lililozibwa kwa mawe, mifupa yake huanguka nyama inapokwisha. Mbavu hulala chapa, nyonga hufunguka, fuvu hubingirika. Aliyefukiwa kwa udongo moja kwa moja huwa kinyume chake. Kadiri nyama inavyotoweka, udongo huingia taratibu kujaza pengo na kuushika mfupa pale ulipo.

Mtoto alikutwa amelala kwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani. Viungo dhaifu vilikuwa vimesogea kidogo sana au havikusogea kabisa. Kifua kilikuwa na mviringo wake. Hiyo ina maana alifukiwa, na alifukiwa mapema, viungo vikiwa bado vimeshikamana. Uchunguzi wa mifupa chini ya darubini ulionyesha pia dalili za kuoza kwa mwili mbichi palepale shimoni. Mzoga ulioliwa na wanyama kwanza hausimulii hadithi hiyo, na mifupa iliyohamishwa kutoka mahali pengine baada ya nyama kwisha haiji ikiwa imefuatana pingili kwa pingili. Fisi ameondoka. Mafuriko yameondoka. Kwa maoni yangu, mpaka hapa dai la maziko limesimama, na sioni mwanya wa kulitilia shaka ya maana.

Lakini mwili ule una mambo mengine mawili, na haya yanahitaji kupimwa kwa mizani tofauti.

La kwanza ni sehemu ya juu ya kifua. Mtulinga wa kulia na mbavu za juu zimegeuka kwa namna inayotokea mabega yanapobanwa kuelekea ndani. Maelezo ya watafiti ni kwamba sehemu ya juu ya mwili ilifungwa kwa kitu kilichokaza: ngozi ya mnyama, labda, au majani mapana. Kitu chenyewe kimeoza na kupotea. Kilichobaki ni alama ya kukaza kwake. La pili ni kichwa. Wakati karibu kila kitu kingine kimetulia mahali pake, kichwa na pingili za shingo vimeanguka upande. Mahali pamoja tu katika kaburi lote palikuwa na pengo ambalo udongo haukulijaza kwa wakati, nalo lilikuwa chini ya kichwa. Watafiti wanaona kuwa paliwekwa kitu laini kinachooza, yaani mto, na kilipooza, kichwa kikashuka katika nafasi kilichoiacha.

Nimelifikiria sana jambo hili la mto, maana ni rahisi moyo kulipokea kabla akili haijaridhika. Nguvu yake iko katika kutofautiana kwa sehemu za mwili. Kama mifupa yote ingekuwa imesogea, tusingejifunza lolote kuhusu kichwa. Kwa kuwa mingine imetulia na kichwa pekee kimeanguka, lazima kuwe na sababu iliyokihusu kichwa pekee. Hata hivyo sababu hiyo si lazima iwe mto. Udongo ambao haukushindiliwa vizuri upande mmoja wa shimo unaweza kuacha pengo, na mdudu anayechimba anaweza pia. Ndiyo maana watafiti wenyewe hawakukata kauli, walisema huenda. Mimi ningeziweka hoja hizi kwa ngazi: maziko yamethibitika, kufungwa kwa mwili kuna ushahidi mzuri, kwa sababu mtulinga na mbavu vinakubaliana, mto ni maelezo yanayofaa kuliko mengine, lakini yanasimama juu ya mguu mmoja. Kisha kuna ngazi ya nne, ile ya imani juu ya maisha baada ya kifo, ambayo wasomaji wengi waliirukia moja kwa moja. Kaburi hili haliifikishi hoja huko. Mtu anaweza kumfunga mtoto wake na kumwekea kitu laini chini ya kichwa kwa uchungu tu, pasipo itikadi yoyote kuhusu kesho ya marehemu.

Kuhusu tarehe nitakuwa mfupi. Kaboni ya mnururisho haifiki mbali hivyo. Nguvu yake huishia kiasi cha miaka 50,000. Iliyotumika ni mbinu inayopima mara ya mwisho chembe za mchanga zilipoona mwanga wa jua. Chembe zikifunikwa huanza kuhifadhi nishati inayotoka katika mnururisho wa asili wa udongo, na maabara ikiziamsha kwa mwanga, huitoa nishati hiyo kama mng'ao unaopimika. Jibu lilikuwa miaka 78,300, na nafasi ya kukosea ya miaka 4,100 kwenda mbele au nyuma.

Mtoto huyu alikuwa nani? Umri wake umesomwa kwenye meno. Meno ya utotoni huwa yamekwisha kuota yote karibu na mwaka wa tatu, na ndani ya taya meno ya ukubwani huwa yanajengeka kwa ratiba ambayo haichezi sana kutoka mtoto mmoja hadi mwingine. Maumbo ya meno yanamweka katika spishi yetu, Homo sapiens, ingawa taji za meno zimebakiza vipengele kadhaa vya kale zaidi. Kwa wanaofuatilia asili ya binadamu hilo si dogo: linaunga mkono wazo kwamba sura yetu ya leo haikuja kwa hatua moja iliyonyooka, na kwamba watu waliofanana nasi kwa mambo mengi waliendelea kubeba alama za wahenga wao wa mbali.

Alikufa kwa nini? Mifupa haitoi jibu, na ni vema kueleza kwa nini kimya hicho ni cha kawaida. Vitu vinavyoua watoto wadogo, kama homa, kuhara na maambukizi ya mapafu, huua kwa siku chache. Mfupa huhitaji majuma au miezi kuonyesha kwamba mwili unapambana. Mtoto anayekufa upesi huacha mifupa isiyo na alama, na ndiyo maana anayesoma mabaki ya kale mara nyingi huona magonjwa sugu ya waliodumu nayo kuliko magonjwa yaliyowaondoa watu haraka. Kwa hiyo mifupa safi haimaanishi maisha yasiyo na maradhi.

Kuhusu maisha yake tunategemea pango. Panga ya Saidi iko kwenye miinuko ya pwani, kiasi cha kilomita 15 kutoka ufuo wa sasa, mahali msitu wa kitropiki na mbuga vinapokutana. Watu walirudi humo tena na tena kwa makumi ya maelfu ya miaka. Tabaka la kaburi lina zana za mawe za aina ya Zama za Mawe za Kati, na Emmanuel Ndiema wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya amesisitiza umuhimu wa jambo hili: kaburi linatupa ushahidi wa moja kwa moja kwamba Homo sapiens ndiye aliyetengeneza zana hizo. Miaka kama 67,000 iliyopita, muda mrefu baada ya Mtoto, zana pangoni zikaanza kuwa ndogo zaidi, na shanga nazo zikatokea. Mtoto alizikwa kabla ya mabadiliko hayo, mahali ambapo watu walikuwa wakiishi. Waliomzika hawakumpeleka mbali.

Sasa tumweke miongoni mwa wengine. Yeye si wa kwanza duniani. Katika mapango ya Skhul na Qafzeh, nchini Israeli, kuna makaburi ya watu wa aina yetu yaliyomtangulia Mtoto kwa maelfu mengi ya miaka. Mmoja wao, kijana wa miaka kama 12 au 13 wa Qafzeh, alilazwa na pembe za kulungu juu ya kifua, na fuvu lake linaonyesha jeraha kubwa alilolipata miaka kadhaa kabla ya kufa. Aliishi nalo, na bila shaka kuna watu waliomsaidia kuishi nalo. Afrika yenyewe ina kichanga wa Border Cave, Afrika Kusini, anayekadiriwa kuwa na miaka 74,000, aliyekutwa na kombe la baharini lililotobolewa. Na mtoto wa Taramsa, Misri, wa miaka kama 69,000 iliyopita. Kichanga wa Border Cave alichimbuliwa mwaka 1941 kwa mbinu za wakati ule, na umri pamoja na mazingira ya maziko yake vimebishaniwa tangu hapo. Tofauti kati yake na Mtoto ni ile plasta.

Mfano wa pili unaonyesha thamani ya kipimo hiki hata vizuri zaidi. Katika pango la Rising Star, Afrika Kusini, kulipatikana mabaki mengi ya Homo naledi, kiumbe mwenye ubongo mdogo aliyeishi kati ya miaka 236,000 na 335,000 iliyopita. Mwaka 2023 watafiti wake walidai kwamba viumbe hao walizika wafu wao. Wanasayansi waliopitia kazi hiyo waliuliza maswali yaleyale: mipaka ya shimo imeonyeshwa wapi, udongo wa ndani unatofautiana vipi na wa nje, viungo dhaifu vimekaaje? Wengi hawakuridhika na ushahidi uliotolewa mwanzo. Sitaki kumdharau Homo naledi kwa sababu ya udogo wa ubongo wake. Nataka tu dai lake lipite kwenye tundu lilelile la sindano alimopitishwa Mtoto.

Linabaki swali linalonisumbua kuliko yote: kwa nini makaburi ya kale Afrika ni machache hivi, ilhali ndiko tulikotoka? Wapo waliowahi kusoma uchache huo kana kwamba watu wa Afrika walichelewa kuwajali wafu wao. Naikataa hoja hiyo kabisa. Joto na unyevu wa kitropiki hula mfupa. Hata Mtoto aliponea chupuchupu, akiwa karibu kugeuka udongo. Mapango yaliyochimbwa kwa uangalifu Israeli na Ulaya kwa zaidi ya karne moja ni mengi mno ukilinganisha na ya pwani ya Afrika Mashariki, ambako uchimbaji wa Panga ya Saidi ulianza mwaka 2010 tu. Tunahesabu makaburi mahali tulipochimba.

Tena watatu hawa wa Afrika, wa Panga ya Saidi, Border Cave na Taramsa, wote ni watoto. Watafiti wameona humo uwezekano kwamba katika zama zile miili ya watoto ilipewa heshima ya pekee, labda kwa sababu kifo chao kilionekana kuvunja utaratibu wa mambo. Naliona wazo hilo lina uzito, maana mifupa ya watoto ni laini na huharibika upesi kuliko ya watu wazima. Kama kuhifadhika kungekuwa bahati tupu, tungetarajia kupata watu wazima zaidi. Lakini watatu ni watatu. Likipatikana kaburi la mtu mzima la zama hizo, likatolewa na udongo wake na kupimwa kwa njia zilezile, hoja hii itabidi ianze upya.